Maji ya Bamvua Niliyoyanyamazia

Watu wa Kibiti wana adabu na maiti. Jeneza likipita barabarani, aliyekaa anasimama, anayekunywa chai anaweka kikombe, na wanaume wanaingia kupokezana mabega hata kama marehemu hawamjui jina. Ndiyo maana Jumatatu ile, wazungu wawili waliposhuka kwenye basi la kusini wamebeba begani kitu kirefu kilichofungwa shuka jeupe, mwanamke mbele na mumewe nyuma, wanaume wote waliokuwa kwenye mabenchi ya mgahawa wangu walinyanyuka. Mmoja akapokea mbele, mwingine akapokea nyuma, wengine wakafuata wakitamka kalima kwa sauti ya chini, na msafara ukashika njia ya msikitini. Wazungu walifuata nyuma wakitabasamu. Walidhani huko ndiko kukaribishwa wageni, na sisi hatukuwa na namna nyingine ya kukaribisha mzigo wa namna ile. Walikwenda hivyo hatua kama hamsini, mpaka shuka likafunguka upande mmoja, na badala ya miguu ya mtu likachomoza pezi la plastiki.

Wanaume walirudi kwenye chai yao bila kutazamana. Mimi nilicheka mpaka nikaweka upawa chini. Kisha wazungu wakaja kukaa kwangu, wakalifungua lile shuka kukagua kama mzigo haukuumia safarini, nikaona mbao mbili ndefu, nyembamba, zimechongoka mbele. Kicheko kikaniishia. Nilijua kazi ya mbao zile kabla mtu hajaeleza, na hapo hapo roho ikaanza kuniuma.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa na mahali pake pamefunguliwa maduka matano, kila moja na redio yake, na kila mwenye mikono miwili alikuwa anauza kitu. Mimi nilikuwa na mgahawa wa makuti pale stendi: chapati, maharage, wali wa nazi, samaki akipatikana. Mume wangu alikuwa fundi baiskeli upande wa pili wa barabara. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, alikuwa amerudi kutoka Dar na mabelo mawili ya mitumba, miwani ya jua, na Kiingereza cha kuuzia vinyago. Ndugu hawa ni watu wa Mtunda, watu wa muhogo na mikorosho. Maji wanayajua ya kisimani.

Wazungu hawakupanga kuja kwetu. Walikuwa wanakwenda Mtwara, huko ndiko walikosikia habari za mawimbi. Lakini masika yalikuwa yanaishia, mto Rufiji ulikuwa umejaa, na kivuko cha Ndundu hakivushi gari wala mtu mpaka maji yapungue. Malori yalipanga foleni, madereva wakalala chini ya magari yao, na wenye haraka wakarudi Kibiti kusubiri. Wengine katika kungoja hucheza bao. Hawa wawili walitandaza ramani kwenye meza yangu, katikati ya sahani za chapati, wakaanza kuipekua pwani yote kwa kidole. Kidole cha mwanamke kilikwenda kikasimama mbele ya mlango wa mto, juu ya nukta ndogo, kisiwa ambacho serikali yenyewe nadhani ilikuwa imekisahau. Alimwita mumewe aone. Aligonga pale mara tatu.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika la chai. Nukta ile ni kisiwa nilichokulia.

Sikuzaliwa pale, hakuna anayezaliwa pale. Ni kisiwa cha dago, mahali ambapo wavuvi wa delta hupiga kambi wiki mbili tatu, huvua, hukausha samaki, kisha hurudi makwao. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na baba hakuwa na mtoto wa kiume wa kumpikia, hivyo akanichukua mimi. Wavuvi wenzake walinung'unika kwamba mwanamke dagoni ni mkosi. Baba akawajibu kwamba huyu bado si mwanamke, ni mtoto, na uji anaupika vizuri. Asubuhi nilipika, mchana nilikuwa wa bahari. Mbele ya kisiwa kuna fungu la mchanga, na juu ya fungu lile mawimbi husimama, hujikunja na kukimbia hadi ufukweni. Nilikuwa na kipande cha ubao wa mtumbwi uliovunjika. Nilikilalia kwa tumbo, nikangoja, nikapiga maji kwa mikono, na wimbi likanibeba. Baadaye nikajua kupiga magoti. Mwaka wa mwisho nikajua kusimama. Hakuna aliyenifundisha wala sikujua kama kuna watu duniani wanaofanya hivyo. Nilidhani ni wazimu wangu peke yangu.

Kisha nikavunja ungo. Bibi akaniweka ndani, nikawa mwali, na maji ya bamvua yaliyofuata baba akaondoka bila mimi. Nilisikia kutoka chumbani wakipakia nyavu. Nilipotolewa nje nilichezwa ngoma, nikapewa khanga na mawaidha, na baada ya muda nikaolewa Kibiti, mahali ambapo ukitaka kuona maji mengi unangoja mvua. Sikulalamika. Wenzangu wote walipita humo humo. Mwanamke mzima kupanda wimbi lilikuwa jambo ambalo hata halikukatazwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliwaza.

Sasa mwanamke mzima huyu hapa, amekaa kwenye benchi langu, umri wake kama wangu ama ananizidi, anakula chapati zangu huku anapanga kwenda kufanya pale pale kile nilichoachishwa nina miaka kumi na mitatu. Nilimwonea gere, nisifiche. Nilimwonea gere ya miguu yake iliyobabuka jua, ya mumewe aliyemletea maji ya kunywa, ya namna alivyocheka kwa mdomo wazi bila kuangalia nani anamsikia. Zaidi ya yote nilimwonea gere ya kidole kile kwenye ramani. Mimi kisiwa changu nilikiacha kwa kilio. Yeye alikipata kwa sababu kivuko kimechelewa.

Shemeji naye hakukawia. Kabla chai haijapoa alikuwa amejifanya mwenyeji wa delta yote. Gari la wanunuzi wa kamba wa baharini, lililokuwa likienda Nyamisati kila Jumatano na Jumamosi, dereva wake ni rafiki yake. Boti ya injini ipo. Hema wanazo. Alisema haya yote huku anaegemea nguzo ya mgahawa, miwani kichwani, na mimi nikijua kwamba kijana huyu Nyamisati amefika mara moja tu, tena kwenye msiba, na hakuoga baharini kwa kuogopa. Wakakubaliana kwenda Jumamosi, ili apate siku za kutafuta madumu ya maji na ndizi, na ili, nadhani, aonekane nao siku nyingi stendi.

Hapa ndipo ubaya wangu unapoanzia.

Mtu wa delta hahesabu siku kwa kalenda ya ukutani. Anahesabu mwezi, tangu ulipoandama. Siku za mwezi mchanga na siku za mwezi mpevu ni siku za bamvua, bahari inajaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu: bahari haijai hasa wala haikauki hasa, inakaa tu. Na fungu lile la kisiwani ninalijua. Wimbi haliwezi kusimama juu yake mpaka maji yapwe sana, yawe haba, wimbi liguse mchanga kwa chini. Siku za maji mafu mawimbi yanapita juu ya fungu bila kuligusa, na bahari yote inakuwa tambarare.

Jumatatu ile waliyofika mwezi ulikuwa wa kumi na saba. Bamvua kamili. Jumatano, siku ya gari la kamba, ungekuwa wa kumi na tisa, na mawimbi yangekuwa bado yanasimama juu ya fungu. Jumamosi ungekuwa wa ishirini na mbili. Nilihesabu kwa vidole chini ya khanga nikiwa nawamiminia chai, nikahesabu tena kuhakikisha. Ilikuwa inatosha kumwambia shemeji neno moja. Hata ramani isingehitajika.

Jumanne asubuhi nilimwita pembeni. Nilikuwa nimejipangia kwamba nitaanza na ombi, na akilikubali nitamtajia siku inayofaa. Nilimwambia awaambie wale wageni kwamba mimi kisiwa kile nakijua, na kwamba ningeweza kwenda nao kuwapikia. Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu anayesikia utani.

"Shemeji," akasema, "hii siyo safari ya wanawake."

Alisema hivyo akiwa ameshika begani koti la yule mwanamke alilopewa amshikie. Nikamwambia sawa. Nikarudi kwenye moto, na ile Jumatano niliitazama inavyopita. Gari la kamba lilisimama mbele ya mgahawa, dereva akanywa chai mbili, akauliza kama kuna mzigo wa Nyamisati. Wazungu walikuwa pale pale, mwanamke anapaka nta ubao wake. Nilimjibu dereva kwamba hakuna mzigo. Nilimrudishia chenji yake na gari likaondoka na maji yangu ya bamvua.

Siku zile nilikuwa na khanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Niliinunua makusudi kumsema jirani yangu, mwuza maandazi, aliyekuwa akikonda kila nikipata wateja. Wiki ile niliiona aibu kuivaa, nikaifungia chini ya sanduku. Halafu nikajitetea kwamba mimi sababu ninazo, tena nyingi, na usiku nikaziorodhesha mpaka nikapitiwa na usingizi.

Kilichoniudhi ni kwamba yule mwanamke hakuwa na kosa. Laiti angekuwa na kiburi, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Kila asubuhi aliniamkia "shikamoo" ingawa tulikuwa rika moja, kwa sababu kuna mtu alimfundisha neno hilo moja na yeye akaligawa kwa wote, mpaka watoto. Mchana wa Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na shemeji akiwa nao, alikuja nyuma jikoni peke yake. Akachuchumaa, akataka kukuna nazi. Nikamwachia mbuzi, akakuna vibaya, akajikwaruza kidole, akakinyonya. Halafu akanionyesha kwa mkono: wimbi. Mkono ulipanda, ukajikunja, ukaanguka. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Wewe, bahari?"

Sijui nini kilinipata. Labda ni miaka mingi ya kutoulizwa. Nilichukua kifuniko cha sufuria nikakiweka chini, nikamwonyesha: hapa mtu amelala. Nikamwonyesha magoti. Kisha nikasimama juu ya kile kifuniko, katikati ya jiko, miguu nimeitanua mmoja mbele mmoja nyuma, magoti yamekunjika, mikono pembeni, na mwili ukakumbuka wenyewe. Yule mwanamke aliacha kunyonya kidole. Alinitazama miguu, hasa miguu, kama vile mume wangu anavyotazama mnyororo wa baiskeli, na nikaona amenielewa pasipo neno hata moja. Alitoka mbio. Akarudi na ubao wake, akaulaza uani juu ya majani ya migomba, akanionyesha nipande.

Nililala juu yake na khanga zangu, masizi mikononi, mchana kweupe, kuku wakinizunguka. Ulikuwa laini na mrefu na unanukia nta. Alinisukuma mguu wa nyuma kidogo kunirekebisha, nikaurudisha mahali pangu, akacheka, akakubali kwamba mahali pangu ni sawa. Kwa muda ule gere iliniondoka. Nilimpenda, naweza kusema hivyo.

Wanaume walirudi. Akamshika shemeji mkono akamsemesha kwa haraka, akanionyesha mimi, akaonyesha upande wa bahari. Shemeji akajikuna shingo. Akaniambia kwa sauti ya kushindwa kwamba mzungu anataka niende nao, anasema bila mimi haendi, lakini kaka hatakubali. Yule mwanamke hakungoja tafsiri. Alivuka barabara mwenyewe hadi kwenye kibanda cha mume wangu, mimi na shemeji tukimfuata, akasimama mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, akasema, "Shikamoo. Mke. Bahari. Kesho," kisha akaunganisha viganja kuomba.

Mume wangu aliitikia marahaba. Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kama kawaida yake, akaniangalia mimi.

"Unataka kwenda?"

Nikasema nataka.

"Basi nenda. Miaka kumi na miwili hujawahi kuniomba."

Nilisimama pale barabarani nikitafuta siku moja niliyowahi kumwomba, sikuipata. Nilikuwa nimejikatalia mwenyewe kwa niaba yake, mwaka baada ya mwaka, na hasira ya kukataliwa nimeitunza kwa yeyote atakayepita. Ikapita kwa huyu.

Hapo bado ningeweza kusema. Ningesema, jamani, tusiende kesho, maji yamekufa, tungoje mwezi uandame, ni siku nane. Lakini mchana ule ule dereva wa lori alileta habari kwamba mto umepungua na kivuko kitaanza kuvusha Jumapili. Wageni walikuwa na tarehe yao huko kusini. Mpango wa kulala kisiwani siku mbili ukafutwa, ikabaki siku moja, kwenda na kurudi na gari la kamba. Kusema kungekuwa kukiri tu, hakungerudisha hata tone. Nikafunga mdomo. Nikajiambia huenda bahari imebadilika tangu niwe mtoto, huenda upepo wa kusi umeanza mapema, na mtu anapotaka kujidanganya hakosi la kumsaidia.

Tuliondoka Jumamosi baada ya sala ya alfajiri. Niliketi nyuma ya gari juu ya masanduku ya barafu, yule mwanamke pembeni yangu, ubao umelala juu ya mapaja yetu wote wawili. Nyamisati tukapanda boti, tukashuka na mkondo katikati ya mikoko, na kila kona nilikuwa naijua kabla hatujaifikia. Nilimwonyesha pa kuinamisha kichwa. Nilimwonyesha mahali mamba wanapoota jua. Shemeji alikaa chini kabisa ndani ya boti ameshika ukingo kwa mikono miwili, miwani imeingia mfukoni. Tulipotokeza baharini nilisimama, nikatazama lilipo fungu.

Hapakuwa na kitu. Maji yalikuwa yamelala kama kwenye beseni.

Tuliteremka kisiwani tukangoja maji yapwe. Yalikupwa kidogo, yakatosheka. Nilipika wali na samaki, wakala, wakaenda kutazama, wakarudi. Yule mwanaume akajilaza kivulini na kofia usoni. Mwanamke akaingia na ubao wake, akakaa juu yake mbali kidogo, akitazama upeo wa bahari, mgongo umenyooka. Mawimbi yalikuja kwa chini chini, yakamwinua na kumshusha, yakaendelea na safari zao bila kusimama. Alikaa vile kwa muda mrefu kuliko ningeweza kuvumilia kumtazama. Alipotoka akaja kwangu moja kwa moja, akamwita shemeji.

"Anauliza mawimbi yako wapi," shemeji akasema.

"Mwambie yalikuwepo Jumatatu."

Shemeji akanitazama. Nikamwambia amwambie hivyo hivyo, na Jumatano pia, na kwamba nilijua. Alimweleza, na ilimchukua muda, maana Kiingereza cha vinyago hakina maneno ya mwezi na maji. Nilingoja. Nilitaka anikasirikie. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake tangu tulipoiacha Nyamisati, ningeibeba, nadhani hata ningeifurahia, kwa kuwa ingekuwa ishara kwamba nimemnyang'anya kitu kikubwa.

Alifikiri kidogo. Kisha akainua mabega, akatabasamu, akasema maneno machache huku anakamua nywele.

"Anasema si kitu," shemeji akatafsiri. "Anasema Mtwara yapo mengi."

Akanisukumia ubao, akanionyesha bahari kwa kidevu, akaenda kulala karibu na mumewe. Nikajifunga khanga kibwebwe, nikaingia majini. Nikalala kwa tumbo mahali pale pale nilipokuwa nikilala nikiwa mtoto, uso nimeuelekeza kwenye fungu, mikono ndani ya maji tayari kupiga, nikangoja mpaka wenye boti waliponiita mara ya tatu.